Mbona ubishi wa solo bora ya gitaa la roki hauishi?

Wapo watu wengi wanaoapa kwamba roki si muziki wao, na huku kuna solo moja ya roki wanayoijua kwa moyo tangu utotoni. Iko katikati ya "Beat It" ya Michael Jackson. Mwimbaji ananyamaza, gitaa linaingia likilia kama paka aliyekanyagwa mkia, linapanda, linamwaga noti kama mtama unaotoka kwenye gunia lililopasuka, na baada ya nusu dakika hivi kazi imekwisha, Michael anarudi na kiitikio chake. Aliyelipiga gitaa hilo ni Eddie Van Halen, mwaka 1982, na hakulipwa hata senti. Quincy Jones, prodyuza wa albamu ya Thriller, alipompigia simu kuomba msaada, Eddie alidhani kuna mtu anamfanyia mzaha.

Miaka minne kabla ya hapo, Eddie huyohuyo alikuwa ametoa kipande kiitwacho "Eruption" katika albamu ya kwanza ya bendi yake, Van Halen. Ni dakika moja na sekunde 42 za gitaa, hakuna anayeimba, hakuna hadithi. Jarida la Marekani la Guitar World lina orodha yake maarufu ya solo 100 bora, iliyotokana na kura za wasomaji, na humo "Eruption" imeshika nafasi ya pili. "Beat It" haimo katika kumi za mwanzo. Mtu ni mmoja na vidole ni vilevile. Sasa kama "Eruption" inaishinda "Beat It", imeishinda kwa nini hasa? Nadhani ukilifuatilia swali hilo utagundua kwamba wanaobishana juu ya solo bora mara nyingi hawabishanii kitu kimoja.

Hata neno lenyewe lina utata, na kwetu lina utata zaidi. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi akisikia "solo" hafikirii kipande cha wimbo, anafikiria gitaa. Bendi ina mpiga solo, mpiga ridhimu na mpiga besi, na mtu wa solo yuko kazini tangu wimbo unaanza mpaka unakwisha. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz alipiga solo kwa maana hiyo: gitaa lake lilitembea bega kwa bega na sauti yake, likimjibu, likimsindikiza. Kwenye rumba ya Kongo kuna sebene, pale waimbaji wanapowaachia wapiga magitaa uwanja. Hiyo inakaribia kidogo solo ya roki, lakini sebene ni magitaa mawili matatu yanayosukana kama ukili, yakirudia na kurudia ili watu wacheze. Solo ya roki ni sauti moja inayojitenga na wenzake, inaanza mahali, inafika kileleni, inashuka. Msikilizaji husimama akasikiliza. Hiyo ndiyo solo ninayoizungumzia hapa.

Na haikuwezekana siku zote. Gitaa kavu lina sauti ndogo, na noti yake hufa mara tu baada ya kuzaliwa. Katika bendi za jazi zenye tarumbeta na saksafoni, mpiga gitaa alikuwa wa kusukuma mapigo nyuma huko. Angejaribu kusema peke yake asingesikika. Umeme ndio uliobadili mambo. Chini ya nyuzi za chuma huwekwa sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Uzi ukitikisika juu yake, umeme kidogo unazaliwa, na amplifaya inaukuza. Charlie Christian alipojiunga na kundi la jazi la Benny Goodman mwaka 1939 akiwa na gitaa la namna hiyo, aliweza kusimama na kuzungumza kama mpiga saksafoni.

Kilichofuata kilitokana na hitilafu. Amplifaya ikizidiwa nguvu, sauti hukwaruza na kuchafuka. Mafundi waliona ni kasoro. Wapigaji wakasikia jambo jingine: sauti iliyochafuka hivyo haifi upesi, inakaa, unaweza kuishikilia kama mwimbaji anavyoshikilia irabu. Kutoka kwenye bluzi walikuwa tayari wamejifunza kuvuta uzi pembeni ili noti ipande taratibu, kama mtu anayeanza kulia, na kuutikisa ili itetemeke. B.B. King alisema mtetemo wake ulitokana na kushindwa: alitaka kulifanya gitaa lilie kama la ndugu yake Bukka White, aliyetelezesha chuma juu ya nyuzi, na kwa kuwa hakuliweza hilo akawa anatikisa kidole. Changanya mtetemo huo na amplifaya iliyozidiwa, na karibu solo zote kubwa za roki ziko humo.

Ninamtaja pia Sister Rosetta Tharpe, kwa sababu orodha nyingi humruka. Mwanamke huyu wa nyimbo za injili alikuwa akilitwanga gitaa la umeme jukwaani kabla vijana wengi wa roki hawajajua kufunga nyuzi. Mwaka 1964 alirekodiwa na televisheni ya Uingereza kwenye kituo cha treni kilichofungwa jijini Manchester. Mvua ilikuwa imenyesha, watazamaji wameketi jukwaa la pili ng'ambo ya reli, naye amevaa koti lake, gitaa jeupe mkononi, anaimba habari za mvua na kupiga huku akitabasamu kama mtu anayejua siri.

Turudi kwenye ubishi. Fundo la kwanza ni hili: solo inatakiwa ibuniwe papo hapo, au iandaliwe? Sisi wa Kiswahili swali hili si geni. Yuko malenga anayejibu papo kwa papo mbele ya hadhira, na yuko anayekaa na karatasi akihesabu mizani. Wote ni malenga, lakini unawapima vipi kwa kipimo kimoja?

Solo iliyokaa kileleni mwa orodha ya Guitar World ni ya Jimmy Page katika "Stairway to Heaven" ya Led Zeppelin, ya mwaka 1971. Wimbo huo una dakika nane hivi, na solo haiji mpaka karibu ya sita. Page alikuwa amefikiria namna ya kuanza tu. Akachukua gitaa la zamani la Telecaster alilopewa na rafiki yake Jeff Beck, akapiga kwa kubuni mara tatu, akachagua moja. Unaposikiliza unasikia mtu anayetafuta njia huku anatembea.

"Hotel California" ya Eagles, ya mwaka 1976, ni kinyume kabisa. Don Felder, mpiga gitaa wa bendi hiyo, alikuwa ametengeneza muziki wake nyumbani kwenye kaseti ya majaribio, pamoja na magitaa ya mwishoni. Muda ukapita. Bendi ilipokuwa studio huko Miami, yeye na mpiga gitaa mwenzake Joe Walsh wakaanza kubuni vitu vipya mwishoni mwa wimbo, na Don Henley, mwimbaji wa bendi, akawasimamisha: hapana, ipigwe kama ilivyo kwenye kaseti. Kaseti iko California. Felder ameeleza kwamba ilimbidi ampigie simu mfanyakazi wa nyumbani kwake, akamwomba aitafute, aiweke kwenye redio na kusogeza mkono wa simu karibu na spika, ili yeye huku ajifunze upya alichokibuni mwenyewe. Ndiyo maana magitaa yale mawili yanapokezana bila kugongana, kisha yanashuka ngazi pamoja kama watu waliozoea kutembea wote. Kila noti ilikuwa imepangwa. Watu huimba solo ile kwa midomo, noti kwa noti, jambo ambalo huwezi kulifanya na "Eruption" hata ukijitahidi.

Halafu kuna njia ya tatu inayochanganya kambi zote mbili. David Gilmour wa Pink Floyd, kwa solo ya pili ya "Comfortably Numb" ya mwaka 1979, alipiga kwa kubuni mara tano au sita. Baadaye akakaa na karatasi, akasikiliza kila moja na kuweka alama mahali palipomfurahisha, kisha akaunganisha vipande kwenye mitambo mpaka vikawa solo moja. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuipiga ile solo kabla haijakuwapo kwenye rekodi. Kila sentensi yake ilitoka moyoni papo hapo, na mpangilio wake ulitoka kwa mhariri. Anayedai kwamba solo ya kweli ni ya kubuni na anayedai ni ya kuandaliwa wote wanaweza kuichagua, na wote wakawa wamekosea kuhusu ilivyotengenezwa. Gitaa jeusi alilotumia liliuzwa kwenye mnada New York mwaka 2019 kwa dola za Marekani milioni 3.975, na fedha akazielekeza kwenye hisani ya mazingira. Mti na waya ni vya bei ndogo. Kilicholipiwa pale ni hizo dakika chache.

Fundo la pili ndilo la Eddie Van Halen na nafsi yake: unapima ufundi wa mkono, au unapima solo ilichoufanyia wimbo?

"Eruption" ilianza kama mazoezi ya kupasha vidole moto. Bendi ilikuwa studio Los Angeles, prodyuza Ted Templeman akasikia Eddie anachezacheza peke yake, akataka irekodiwe. Kilichowashtua watu ni mwisho wake. Kwa kawaida mkono wa kushoto hubonyeza nyuzi shingoni mwa gitaa na wa kulia hucharaza. Eddie aliupeleka wa kulia nao shingoni, akawa anaugonga uzi kwa kidole, hivyo mikono miwili ikazalisha noti kwenye uzi mmoja, kwa kasi isiyowezekana kwa kucharaza. Hakuwa wa kwanza. Steve Hackett wa Genesis alikuwa akigonga hivyo tangu 1971. Ila baada ya 1978 kila kijana mwenye gitaa alijifungia chumbani kuitafuta siri hiyo. Mwenyewe Eddie alisema kuna mahali karibu na mwisho alikosea, na kwamba angeweza kuipiga vizuri zaidi.

Kwenye "Beat It" alifanya jambo jingine kabisa. Alipofika studio aliusikiliza wimbo, akamwomba fundi mitambo akate na kupanga upya sehemu ya katikati, kwa sababu mapigo yaliyokuwapo hayakuipa solo mahali pazuri pa kusimama. Kisha ndipo akabuni solo mbili. Michael alipoingia, Eddie akamwonya kwamba ameugusa wimbo wake. Michael akasikiliza, akamshukuru kwa kuujali wimbo badala ya kuja kumwaga mbio na kuondoka. Vidole vinavyogonga shingo ya gitaa vimo na humo, lakini safari hii vina kazi ya kufanya: wimbo unahusu ugomvi wa vijana mitaani, na pale katikati ndipo ugomvi wenyewe unatokea.

Mimi niko upande wa wimbo, sifichi. Swali ninalouliza ni jepesi: ukiikata solo, wimbo unapungukiwa na nini? Ndiyo sababu naweza kumtetea Neil Young, ambaye mwaka 1969 katika "Cinnamon Girl" alipiga solo ya noti moja tu, akiirudia na kuirudia mpaka ukaanza kusikia tofauti ndani yake. Kundi la Buzzcocks la Manchester lilipiga ya noti mbili katika "Boredom" mwaka 1977, makusudi, kuwakebehi wapiga solo wa dakika kumi. Wimbo unahusu kuchoshwa na mambo, na gitaa linasema hivyohivyo. Kurt Cobain wa Nirvana katika "Smells Like Teen Spirit" ya 1991 alirudia tu tuni aliyokwisha kuimba. Mpenzi wa ufundi atacheka. Mimi husikia mtu ambaye maneno yamemwishia, akaendelea kunung'unika.

Mfano ninaoupenda zaidi una damu ya Zanzibar. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946 na baadaye dunia ikamjua kama Freddie Mercury, aliandika "Bohemian Rhapsody" ya Queen mwaka 1975. Baada ya beti za huzuni kwenye piano aliacha nafasi kwa ajili ya gitaa la Brian May. May hakutaka kurudia tuni ya Freddie; alitaka tuni yake, kana kwamba ni ubeti mwingine usio na maneno. Inachukua kama nusu dakika. Inapanda, inakaribia kupasuka, halafu ghafla imekatika na piano inadonoa peke yake, na tumeingia kwenye opera ile ya ajabu. Iondoe hiyo nusu dakika uone kama huzuni na kichekesho vinaweza kukaa wimbo mmoja. Gitaa lenyewe May alilitengeneza na baba yake kuanzia 1963, kwa mbao za fremu ya jiko la zamani la kuotea moto na springi za pikipiki, na hulicharaza kwa sarafu ya peni sita badala ya kipande cha plastiki. Baadaye akapata udaktari wa falsafa wa fizikia ya nyota, mwaka 2007. Hilo halihusiani na solo, ila siwezi kuliacha.

Hapo ningeweza kusema kipimo changu kimeshinda. Tatizo ni Eddie Hazel.

Mwaka 1971 kundi la Funkadelic lilirekodi "Maggot Brain". Maneno machache ya kusemwa mwanzoni, kisha gitaa la Hazel kwa karibu dakika kumi. Kiongozi wa kundi, George Clinton, alimwambia apige kana kwamba ameambiwa mama yake amefariki. Hazel alikuwa kijana wa miaka kama 20. Aliposikiliza kilichorekodiwa, Clinton akashusha sauti za wenzake mpaka karibu wakatoweka, gitaa likabaki na mwangwi wake tu. Hapa siwezi kuuliza wimbo unapungukiwa na nini bila solo, maana bila solo hakuna wimbo. Kwa kanuni yangu ningeiweka kapu moja na "Eruption", na sikio langu linakataa katakata. Labda kipimo changu hakikuwa wimbo. Labda nilikuwa nauliza kama kuna mtu anazungumza mle ndani, nikadhani mtu huyo huhitaji maneno ya mwimbaji ili nimwelewe.

Fundo la tatu ni la wapigaji kura, na hili ni rahisi kulifungua. Tazama kumi za mwanzo za Guitar World: Page, Van Halen, "Free Bird" ya Lynyrd Skynyrd, Gilmour, Jimi Hendrix na "All Along the Watchtower", Slash na "November Rain", Kirk Hammett wa Metallica, Eagles, Randy Rhoads, Eric Clapton. Rekodi zote hizo zilitoka kati ya 1968 na 1991. Hakuna mwanamke. Wanaosoma jarida la gitaa ni watu wanaopiga gitaa, na mtu aliyekesha miezi akijifunza kugonga kama Eddie hawezi kuipa "Eruption" kura ndogo; anajua ilivyomtesa. Kura zile zinaonyesha kwa uaminifu kabisa solo ambazo vijana fulani walijifunza vyumbani mwao enzi fulani. Ukiwauliza wanaocheza harusini Mombasa, "Beat It" ingepata ya kwanza bila mpinzani.

Lipo na fundo la rekodi dhidi ya jukwaa. Solo nyingi tunazozibishania ni za studio, zilizopigwa, zikasikilizwa, zikarekebishwa. Clapton katika "Crossroads" alirekodiwa jukwaani, na "Purple Rain" ya Prince ilitokana na onyesho la tarehe 3 Agosti 1983 katika klabu ya First Avenue, Minneapolis, ingawa baadaye ilikatwa hapa na kuongezwa vinanda pale. Lakini solo ambayo watu hunitumia zaidi kila ubishi ukipamba moto haikupigwa kwa ajili ya albamu yoyote.

Ni ya tarehe 15 Machi 2004, New York, sherehe ya kuwaenzi magwiji wa roki. Wanamuenzi George Harrison wa Beatles, aliyekwisha kufariki, na wanapiga wimbo wake wa mwaka 1968, "While My Guitar Gently Weeps". Jukwaani yuko Tom Petty, Jeff Lynne, Steve Winwood, na mtoto wa marehemu, Dhani. Solo ya wimbo huo kwenye rekodi ya Beatles ilipigwa na Eric Clapton, na usiku ule Marc Mann anaipiga katikati ya wimbo kwa uaminifu, karibu noti kwa noti. Prince muda wote yuko pembeni kabisa, kofia nyekundu kichwani, hata hujui kwa nini amekuja. Mwishoni anasogea mbele na kubuni kwa karibu dakika tatu. Anamgeukia Dhani, Dhani anacheka. Anajilaza kinyumenyume kuelekea kwa watazamaji, mtu anamdaka kwa mikono na kumwinua, na noti haijakatika. Kisha analivua gitaa, analirusha juu na kuondoka jukwaani bila kugeuka nyuma. Mpiga ngoma, Steve Ferrone, alisema aliliona likipaa lakini hakuliona likishuka.